Safu Iliyoachwa Wazi

Hedifoni zilikuwa za moto.

Si moto wa kuunguza. Zilikuwa na lile joto la kitu kilichovuliwa sasa hivi mwilini mwa mtu, na sponji zake zilikuwa na unyevu kidogo, kama mto alioulalia mgonjwa wa homa. Bi Makini alizigeuzageuza, akatazama huku na huku. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Yeye ndiye aliyefungua mlango kwa ufunguo wake, yeye ndiye aliyewasha taa, na viti vingine kumi na moja vilikuwa bado vimesukumwa chini ya meza jinsi wafagiaji walivyoviacha jana. Akazipangusa kwa ncha ya mtandio, akazivaa. Mtu aliyefanya kazi miaka tisa mahali pamoja hakimbii kwa sababu ya sponji lenye unyevu.

Jina la Bi Makini alipewa na wenzake, na lilimkaa. Wengine walisikiliza simu za watu huku wakitafuna karanga, neno likiwapita wakaandika "haisikiki" wakaendelea na maisha. Yeye hakuwahi kuandika "haisikiki". Nyumbani, mama yake na mdogo wake walijua yuko idara ya takwimu, na uongo huo ulikuwa na chembe ya ukweli, maana kazi ilikuwa ya kuhesabu vilevile: nani kampigia nani, mara ngapi, dakika ngapi, akiwa wapi. Mashine ilivuta simu zote za mji, za kuagiza saruji, za kugombana na za kumlilia marehemu, ikazichuja, na zile zilizogusa namba yenye alama zikaangukia masikioni mwa watu kumi na wawili katika chumba kisicho na dirisha.

Asubuhi hiyo laini ya kwanza haikuwa na namba. Skrini ilionyesha mstari mtupu. Bi Makini akabonyeza, akasikia pumzi. Mtu anavuta, anatoa, taratibu, kama naye anasikiliza. Kisha sauti ya mwanamume kutoka mbali:

"Yupo?"

Nyingine ikajibu, "Yupo."

"Nakuja."

Alizivua hedifoni kwa mikono miwili. Maneno hayo matatu aliyajua. Aliyaandika mwenyewe wiki tisa zilizopita, mara kumi na moja.

Ilikuwa hivi. Mdogo wake alikuwa na miaka minane ya ndoa na mimba tatu zilizotoka. Ya nne alimwambia dada yake peke yake, akamwapisha, hata mama asijue mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Mumewe, fundi wa vioo vya madirisha, mtu mpole ambaye vidole vyake havikukosa plasta, alikuwa akimkimbilia mkunga wa mtaa wa pili kila damu ilipoonekana. Mkunga hakuwa na simu. Mume wa mkunga alikuwa nayo, na mume huyo alikuwa mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kuandika barua ndefu za kuwalalamikia wakubwa, namba yake ina alama nyekundu. Basi fundi alikuwa akipiga kwa mwalimu kuuliza kama mkunga yuko nyumbani. Yupo? Yupo. Nakuja. Anakata, anatoka mbio.

Sheria ya kile chumba ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ukitambua sauti ya ndugu, jamaa au jirani, nyoosha mkono, vua hedifoni, laini ihamie kiti kingine. Bi Makini alimtambua shemeji yake kwenye neno la kwanza, na mkono wake ukabaki mezani. Alijiambia anawalinda, kwa kuwa anayenyoosha mkono hupewa fomu ya kuorodhesha ukoo mzima. Uongo mtupu. Mashine ilikuwa imeshaanza kuisikiliza na namba ya fundi kwa kuwa iligusa ya mwalimu, na yeye alitaka kusikia kama watu wa nyumba ile wanamsema. Kwa siku sita aliisikiliza nyumba ya mdogo wake kama mtu anayechungulia bafuni, wala hawakumsema hata mara moja, kwa wema wala kwa ubaya, na hilo nalo likamuuma. Ni aibu kuyasimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya saba mkubwa wa zamu alitaka ripoti. Upande wa kulia wa fomu kulikuwa na safu pana iliyoandikwa "Maelezo ya Msikilizaji". Mstari mmoja ungetosha: anamfuata mkunga, mkewe ni mjamzito. Lakini kwenye simu zile hakuna aliyetaja mkunga wala mimba, na wangemuuliza, umejuaje? Akaiacha safu wazi, simu kumi na moja za maneno matatu zikabaki zikifanana na mikutano ya siri, akatia sahihi. Siku mbili baadaye watu wawili walimteremsha fundi kwenye ngazi, kioo kikiwa bado mkononi, na tangu hapo hakuna aliyejua alipo.

"Dada, wewe uko serikalini," mdogo wake alimwambia huku akilia. "Niulizie."

"Naulizia," alisema.

Wiki ya tisa ilimkuta bado anaulizia.

Jioni ya siku ile ya hedifoni za moto alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anakunja nguo kitandani.

"Umekuja na mgeni?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona nimesikia watu mlangoni? Mmoja kauliza, mmoja kajibu."

Pua ya Bi Makini ilikuwa imeshanasa harufu, ya waya unaoanza kuungua pamoja na nta ya masikioni, na ilitoka kwenye nywele zake mwenyewe. Alioga mara mbili. Harufu ikamsubiri nje ya bafu.

Kesho yake sauti zilikuwa ukumbini. Keshokutwa zikawa jikoni, na hazikuwa tena maneno matatu tu. Bomba la sinki lilinong'ona kwa sauti ya mwanamke asiyemjua, akimsihi mtu asimwambie baba yake. Sufuria iliyofunikwa ikahesabu siku za mwanamume aliyeacha kumeza dawa zake kwa siri. Yote aliyatambua. Aliwahi kuyaandika yote, akageuza ukurasa, akaenda kula.

"Nani anatuambia mambo ya watu?" mama alinong'ona, kamshika mkono. "Mwanangu, mimi sitaki kuyasikia haya."

"Ni redio ya jirani."

"Jirani amehama mwezi uliopita."

Ijumaa alitoka kazini mapema, jua bado kali, akamkuta mama amesinzia kwenye kiti sebuleni, shanga za miwani zimemwangukia kifuani. Nyumba ilikuwa kimya. Ndipo mlangoni, nyuma ya mgongo wake, mahali alipopita sekunde ile ile na hakukuwa na mtu, ile sauti ikauliza, "Yupo?", na mama yake, macho yamefumba, mikono imelala mapajani, akafungua kinywa ambacho hakikuwa na meno ya mbele, na kutoka humo ikaja sauti nzito ya mwanamume, sauti ya mwalimu, "Yupo," na Bi Makini akataka kupiga kelele lakini alichosikia ni pumzi, ile ile ya kwenye laini isiyo na namba, inavuta, inatoa, ikivuka kizingiti, ikizunguka meza, ikipita kwenye pazia bila kulitikisa, ikimkaribia upande wa sikio la kulia, lile alilozoea kulisikilizia, mpaka sikio likawa la moto na lenye unyevu kama sponji, na humo ndani kabisa, karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kusema naye, ikamwambia, "Nakuja."

Mama alizinduka, akajifuta mdomo. "Nimeota natapika nywele," alisema. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa mganga."

Mganga alikuwa na chumba nyuma ya duka la rangi. Alikuwa na shavu limevimba kwa jino bovu na hakuwa na hamu ya wageni. Alifukiza, akasoma, akachukua chupa ya dawa ya unga mweupe, na alipotaka kueleza inavyotumika, kinywa chake kikasema kitu kingine, kwa sauti yake mwenyewe, ya kucheka:

"Ni unga wa ngano tu, kaka, tia rangi kidogo, nani atajua?"

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Mama yake Bi Makini akaitazama ile chupa.

"Hiyo niliisema kwenye simu," mganga alisema polepole. "Mwaka juzi. Na mtu mmoja tu." Akamgeukia Bi Makini. "Wewe mama unafanya kazi wapi?"

"Takwimu."

"Nimeuliza, unafanya kazi wapi?"

Bi Makini akainama. Mganga aliyekuwa amekaa na majini miaka thelathini akanyanyuka upesi, akaitoa simu yake betri, akaomba na zao, akazifungia zote kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko.

"Sikiliza," alinong'ona. "Huyo hana mdomo. Ni sikio tupu. Mahali watu wanaposikia na kunyamaza, ndipo anaponenepa. Anaazima midomo ya watu kwa sababu wako umefungwa. Mimi siwezi kumtoa, na unga huu ndiyo kabisa. Kuna neno umelimeza ambalo si lako. Mpelekee mwenye nalo."

"Nikishindwa?"

"Anaazima kinywa cha nani nyumbani kwenu? Siku moja hatakirudisha."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, anamtazama binti yake bila kuuliza. Bi Makini aliona ni heri angeuliza.

Asubuhi ya Jumamosi alivaa kwenda kwa mdogo wake. Alifika hadi kizingitini mwa nyumba yao, kisha akasimama. Akimwambia sebuleni kwake watalia, watalaaniana, na yatakwisha pale pale. Fomu itabaki kabatini na safu yake wazi, na fundi atabaki huko aliko. Lakini namba ya mdogo wake ilikuwa na alama tangu siku mumewe alipochukuliwa, na laini yake alipewa mtu wa kiti cha kushoto, yule waliyemwita Kikohozi, na Jumamosi ilikuwa zamu yake. Alirudi ndani, akakaa mbele ya mama yake, akapiga simu.

"Dada?" Sauti ya mdogo wake iliruka. "Umepata habari?"

Simu ilianza kupata moto. Pumzi ilikuwa kwenye laini, ikisubiri.

"Mimi sifanyi kazi takwimu," Bi Makini alisema. "Nasikiliza simu za watu. Niliwasikiliza na nyinyi. Mumeo alipompigia mwalimu, ni mimi niliyekuwa nimevaa hedifoni. Nilijua anamfuata mkunga. Nilijua una mimba, uliniambia mwenyewe. Palikuwa na nafasi ya kuandika hivyo nikaiacha wazi, nisije nikaulizwa nimejuaje. Nilijihurumia mimi. Ndiyo sababu hayupo."

Kiti cha mama kiliburuzwa kidogo, kikarudi nyuma.

"Na wewe Kikohozi, najua umevaa hedifoni. Safu ya kulia. Andika: alikuwa akimfuata mkunga. Andika na jina langu."

Alisikia gari likipita kwenye barabara ya mdogo wake, na mtu akivuta kamasi. Alingoja matusi, na alikuwa tayari kwa yote.

"Rudia," mdogo wake alisema.

"Nini?"

"Rudia yote. Polepole. Wasije wakaandika haisikiki."

Akarudia, neno kwa neno, kama anayemsomea mwandishi. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa alijisikia mwenyewe akisema. Na kadiri alivyosema, harufu ya waya ilipungua chumbani, sikio la kulia likapoa, pumzi ikaanza kurudi nyuma kwenye laini, ikienda mbali, mbali zaidi, mpaka alipomaliza akasikia mwishoni kabisa, mahali ambapo kwa kawaida hapasikiki kitu, mtu akikohoa kikohozi cha hofu. Kisha simu ikakatwa. Mdogo wake hakumwita dada wakati wa kukata.

Bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji tu.

"Takwimu," mama alisema. Alichukua kikombe chake cha chai, akaenda kunywea chumbani, akafunga mlango.

Bi Makini alibaki pale karibu saa nzima, simu baridi mkononi. Alitamani kujua jambo moja tu, kama Kikohozi ameandika au ameacha wazi, na akajua hatajua, kwa kuwa yeye mwenyewe, angekuwa kwenye kiti kile, alijua angefanya nini. Alinusa hewa. Palinukia sabuni ya kufulia.

Nje gari lilisimama. Milango miwili ilifungwa, viatu vikakanyaga kokoto.

"Yupo?" sauti ya mwanamume iliuliza.

Akageuka haraka kutazama mlango wa chumba cha mama. Ulikuwa umefungwa, kimya. Aliyejibu alikuwa mpangaji wa mbele, aliyekuwa akianika nguo uani tangu asubuhi.

"Yupo."

Walibisha hodi, mara tatu, kistaarabu. Bi Makini alijifunga mtandio vizuri, akaiweka simu mezani, akasimama.

"Nakuja," alisema, na sauti ilikuwa yake.