Tone la Maziwa Kwenye Singo

"Huwaida, haya maziwa ya nani?"

Bi Salha, kungwi wake, alisimamisha mkono uliojaa singo ya manukato. Siku ya nne hii anamsugua bibi harusi, na tone jeupe limechuruzika kifuani bila kuitwa.

"Si ya mtu, Somo."

"Maziwa hayaji kusalimia tu, mwanangu. Mtoto umemficha wapi?"

Huwaida akajifuta kwa ncha ya kanga. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa baya kuliko swali.

Bi Salha akatoka kidogo, "kunywa maji". Mtaa wa Nguvumali hauhitaji redio. Kabla ya adhuhuri meseji ya Qais, bwana harusi, ikaingia: *Naambiwa una mtoto Pangani. Harusi ni keshokutwa, Ijumaa. Niambie mwenyewe.*

Akaandika, akafuta, mara tatu. Mwisho akapiga.

"Njoo dirishani. Ndani usiingie."

Qais alifika kanzu imelowa jasho, mguu mmoja peku.

"Sina mtoto," Huwaida alisema nyuma ya pazia. "Nina vidonge. Mwaka jana, baada ya posa, nilianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Natibiwa akili, Qais."

Bi Salha, aliyekwisha kurudi, akajifanya anakoroga singo.

"Na maziwa?" Qais aliuliza.

Huwaida akampigia Daktari Praxeda, akaweka spika, akamuuliza.

"Ubongo una kemikali iitwayo dopamini," daktari alieleza. "Ndiyo breki ya homoni ya maziwa. Dawa yako inaziba vipokezi vya dopamini: sauti zinatulia, ila breki nayo inalegea. Mtu anaweza kutoa maziwa bila mimba. Njoo tupime damu, pengine tubadilishe dawa. Usiache mwenyewe!"

"Sawa, dokta."

Simu ikakatwa.

"Mbona hukuniambia?" Qais aliuliza.

"Mwenye mtoto ungemuoa. Mwenye wazimu je?"

Qais akakuna kichwa.

"Hizo sauti zilikuwa zinasema nini?"

"Kwamba utanikimbia."

"Waongo hao. Nimekuja mbio mpaka ndara moja imebaki barabarani."

Pazia likatikisika, kilio au kicheko, hakuna aliyeuliza.

"Somo," Huwaida alisema, "wale uliowaambia nina mtoto, waambie ni dawa. Dawa ya nini, nitasema mwenyewe nikitaka."

Bi Salha akachota singo upya.

"Nimesikia, mwanangu." Kisha akageukia dirishani. "Na wewe bwana, ondoka, singo inakauka. Ijumaa uje na viatu vyote viwili."