Tumbo Halina Meno

Majirani zangu, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali, sogeeni. Nina jambo la kuwaambia, na nikilimeza litanikaba.

Mtaani kwetu yupo fundi wa kuandika mabango, tunapakana ukuta kwa ukuta. Ukiona duka lina herufi nyekundu zilizonyooka, ujue ni mkono wake. Mkewe anashona nguo hapo hapo barazani, na binti yao wa pekee yuko darasa la saba. Asubuhi ya Jumamosi ungependa kupita pale. Cherehani inalia, rangi mbichi inanukia, binti anasafisha brashi kwa mafuta ya taa huku akiimba.

Kisha yule bwana akaingiwa na wazimu wa Kiingereza. Nasema wazimu kwa kumpenda, maana alianza vizuri mno. Alitundika ubao sebuleni, akamweleza binti kwamba sentensi ya Kiingereza ina viti vitatu: cha kwanza anakaa mtenda, cha pili kitendo, cha tatu mtendwa. Kwa Kiswahili neno moja tu, "ananipenda," limewabeba wote mgongoni. Kwa Kiingereza kila mmoja ateremke, akae kwenye kiti chake. Hata mimi nilielewa kupitia dirishani, nikafurahi peke yangu jikoni.

Lakini hakutosheka. Akatoa amri: mezani ni Kiingereza kitupu, na sentensi yenye kosa haijibiwi mpaka inyooke. Mama mtu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, akawa anakula kimya kama mgeni. Binti, msemaji wa nyumba nzima, akawa wa kutikisa kichwa. Tukambandika baba jina la Bwana Sentensi. Yeye akadhani tunamsifu.

Jumamosi moja mchana nimepeleka kitambaa kushonwa, nikakaribishwa mezani. Binti hagusi chakula. Uso umempauka, jasho linamtoka. Akasema taratibu, "Stomach is bite me."

Baba akacheka. Kwa Kiingereza chake akamuuliza tangu lini tumbo likawa na meno, kisha akamwambia arudie.

Mnaona kosa lilikotokea? Kwetu mbwa anauma, na tumbo nalo linauma. Neno ni hilo hilo. Mtoto alipanga viti vyake vyote, mtenda, kitendo, mtendwa, ila akachukua neno la mbwa. Akarudia, akakosea. Akarudia tena, sauti inakatika, na baba bado anatikisa kidole.

Mama akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwanangu, unaumwa wapi?"

Jamani, Kiswahili kilimtoka yule mtoto kama bomba lililofunguliwa. "Mama, lilianza jana kwenye kitovu, sasa limehamia huku kulia. Nikinyoosha mguu naona nyota. Nimetapika asubuhi, nikaogopa kusema. Sijui kutapika ni nini kwa Kiingereza."

Nilimtazama baba. Uso wote ulikuwa umemshuka.

"Mungu wangu," akasema, kwa Kiswahili, akamnyanyua binti kifuani. Tukatoka mbio, mama na sindano zake bado zimechomekwa kwenye kola. Tukasimamisha pikapu ya muuza magodoro, tukamlaza mtoto juu ya magodoro mapya, na dereva akapiga honi njia nzima. Hospitalini daktari alimbonyeza kidogo tu. Kidole tumbo, akasema, aingie chumba cha upasuaji sasa hivi.

Daktari alipotoka alikuwa anatabasamu. "Kilishaanza kupasuka. Mngekawia hadi jioni, ningekuwa nawaambia mengine."

Mimi na mama mtu tulikumbatiana tukaruka kama watoto pale ukumbini. Baba aliketi sakafuni akalia.

Binti alipozinduka, baba alimshika mkono. "Nisamehe, mama. Bado linauma?"

"Linauma, baba, lakini sasa ni mshono. Kwani kwa Kiingereza linasemwaje?"

"My stomach hurts," akajibu kwa sauti ndogo. "Tumbo ni mtenda, kuuma ni kitendo, basi. Kiti cha tatu hakihitajiki."

"Kumbe ni fupi hivyo? Si ungeniambia tu, baba."

FUNZO

Wazazi wenzangu, Kiingereza ni kizuri, nami nataka watoto wetu wakimudu. Basi mtoto akikosea, mpeni sentensi iliyo sahihi, msiwe mnamzungusha mpaka achoke. Wala msiifunge lugha ambayo yeye na mama yake wanaitumia kuambizana mambo ya moyoni. Na siku mtoto akikwambia anaumwa, hata akisema kombo, muulize ni wapi. Sarufi itasubiri.