Unayesikia Sauti Yangu, Ingia

Kilichonirudisha kwenye gari jioni ile ni waya wa umeme tu. Ule mfupi haukufika. Jua limeanza kushuka, wapishi wanafunua masufuria, na mimi nanung'unika peke yangu kama bibi kizee aliyepotelewa na miwani. Ningekuwa kwenye shughuli ya mtu baki nisingejali. Lakini ile ilikuwa harusi ya mdogo wangu wa kike. Tumbo moja, ziwa moja.

Watu wananiita Kishindo. Jina nilipewa na wateja, sikujipa. Kazi yangu ni kupakia spika, mashine na taa kwenye gari, niende palipo na sherehe, niwainue watu vitini. Hiyo tu. Na tangu tukiwa wadogo, mdogo wangu alikuwa na ombi moja. "Kaka, siku yangu watu wasikae wamenuna. Wacheze mpaka viatu viwashinde." Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Sherehe ilikuwa nje, kwenye bustani nyuma ya ukumbi. Upande mmoja ukuta mrefu wa ukumbi wenyewe, upande wa pili kijiukuta kifupi cha kufika kiunoni. Ng'ambo ya kijiukuta ni uwanja mtupu, majani marefu, na misingi ya nyumba ambazo hazikuinuka.

Nikajaribu mitambo. Lo! Sauti ikagonga ukuta wa ukumbi ikanirudia usoni. Kila neno nalisikia mara mbili. Fundi anayejua kazi hapo hageuzi maneno, anageuza spika. Nikaichukua ile kubwa kuliko zote nikaielekeza nje, juu ya kijiukuta, sauti ipate pa kutokea.

Mtunza ukumbi akanijia na ufagio wake mkononi.

"Kijana, hiyo igeuze. Iwaangalie watu."

"Mzee wangu, nikiigeuza itakuwa kelele tupu."

"Huko nyuma usipeleke sauti."

"Kwani kuna majirani wakali?"

"Huko hakai mtu."

"Sasa atalalamika nani?"

Akauinua ufagio wake. Kisha akasema, "Shauri yako," akaenda zake kufagia. Mimi nikacheka. Wazee wa kumbi wana vituko vyao, kila mmoja na lake.

Basi wageni wakaingia, wakala, wakashiba. Na baada ya kushiba, wakakaa. Jamani, watu walikaa! Upande wa bwana harusi walikunja mikono kama wanasubiri kuitwa na daktari. Wetu nao wakasema hawaanzi kabla ya wenzao. Niliweka wimbo ambao hata kiwete huutikisia bega. Hakuna. Bwana harusi alikuwa mlangoni anapokea wajomba zake, na mdogo wangu amesimama katikati ya uwanja wa kuchezea peke yake na gauni lake jeupe, anajitikisa kidogo, anatabasamu kwa nguvu. Akanitazama. Yale macho nayajua. Ndiyo yale aliyokuwa akinitazama nayo utotoni kabla hajalia.

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikashika maiki, nikafungua sauti yote.

"Unayesikia sauti yangu, popote ulipo! Uliye ndani, uliye nje, uliye mbali, leo hakuna mgeni! Nakualika mimi Kishindo! Ingia! Na hutoki hapa mpaka umecheza na bibi harusi!"

Maneno ya kazi hayo. Nimeyasema harusi ngapi...

Wakaja.

Walitokea nyuma yangu, upande wa kijiukuta, wawili wawili, wamevaa nguo za sherehe za mtindo wa zamani kidogo. Nilifurahi nikataka kuwakumbatia. Uwanja ukaanza kujaa. Wale waliokuwa wamenuna walipoona wenzao wanacheza, nao wakainuka. Shangazi yetu, aliyetulea baada ya mama, akanipungia mkono kutoka mezani kwake. Mdogo wangu anacheka. Nikajiambia, Kishindo, wewe ni mwisho wa matatizo.

Kisha nikaona kitu.

Kwanza nilidhani mashine ina hitilafu. Ngoma inalia, du! Wageni wetu wanakanyaga. Halafu, baadaye kidogo, wale wengine wanakanyaga. Wote pamoja. Hakuna anayekosea. Wanachelewa sawasawa, kama watu wanaocheza ngoma inayopigwa mbali na kuwafikia kwa upepo.

Hapo ndipo harufu ikanifika. Udongo. Udongo uliofukuliwa sasa hivi, wenye ubichi bado.

Walikuwa wamepanga foleni. Kimyakimya. Kila mmoja anamshika bibi harusi mikono yote miwili, anazunguka naye, anamwachia, anakuja mwingine. Yeye mwanzoni alikuwa akicheka. Halafu akawa anatabasamu. Halafu midomo ikapauka, macho yakawa yanaangalia pasipo na mtu.

Du! Wageni wetu wakakanyaga.

Mdogo wangu hakukanyaga.

Alikanyaga baadaye. Pamoja na wao.

Mama yangu! Mkono wangu ulizima muziki wenyewe, bila mimi kuuambia. Wageni wetu wakasimama, wakaanza kulalamika. "Aaa, Kishindo vipi?" Lakini katikati ya uwanja wale hawakusimama. Shwaa... shwaa... Nyayo kwenye majani. Na yeye ndani yao, anazungushwa.

Shangazi alikuwa ameshafika kwenye meza yangu. Akanong'ona, na shangazi yangu si mtu wa kunong'ona.

"Hawa si wa upande wa bwana harusi."

"Unasema?"

"Nimemfuata mama mkwe kumuuliza ni ndugu zake gani. Naye alikuwa anakuja kuniuliza mimi." Akanishika kiwiko. "Nani amewaita?"

Nikageuka, nikaiona ile spika, na uwanja mtupu mbele yake.

"Mimi, shangazi."

"Basi waage wewe. Mgeni haagwi na asiyemwita. Fanya haraka, mtoto anaisha yule."

Nikashika maiki. Sauti yangu, hii ninayojivunia, ikatoka kama ya paka.

"Wageni wetu... tumeshukuru sana. Mmetuheshimu. Kwaherini."

Shwaa... shwaa...

Kisha ikaja sauti. Haikutoka uwanjani. Ilitoka kwenye visikizio vyangu vya masikioni, vilivyoning'inia shingoni mwangu, taratibu, karibu kabisa na koo.

"Ulisema hatutoki mpaka tucheze naye."

Nikauliza, sijui nilimuuliza nani, "Mmebaki wangapi?"

"Tazama."

Nikatazama ng'ambo ya kijiukuta. Mwanga wa jioni ulikuwa haujakwisha wote. Majani marefu yale... yalikuwa vichwa. Uwanja mzima, mpaka kule mwisho ambako macho hayafiki. Wamesimama. Wamevaa vizuri. Wanasubiri zamu yao.

Nilijua tu kuwa hawezi kuwamaliza. Mdogo wangu asingefika hata robo.

Kinyozi hajinyoi, na mimi Kishindo sichezi. Sijui kucheza, mwili wangu mzito kama gunia, na familia nzima inanicheka kwa hilo. Lakini nilitoka nyuma ya mashine na maiki yangu, nikapenya katikati yao. Baridi. Bega hili baridi, bega lile baridi. Nikamshika mdogo wangu kiunoni nikamvuta kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi, na miguu yake bado ilikuwa ikikanyaga hewani.

"Neno langu nimelirudisha!" Nililia waziwazi, sioni haya kusema. "Bibi harusi amechoka. Mwenyeji wenu ni mimi. Anayedai kucheza, acheze na mimi, kisha nawaomba mwende. Nawaomba jamani!"

Wakasimama.

Kimya cha namna ile sijawahi kukisikia, na mimi sauti ndiyo kazi yangu. Mwanamke mmoja akajitenga na wenzake. Mama wa makamo, gauni la kijani, uso mpole. Upole wake ndio ulionitisha zaidi. Akanishika mkono mmoja, wa pili ukiwa bado umemkumbatia mdogo wangu, tukazunguka mara moja, mimi nikijikwaa, yeye akikanyaga nyuma ya miguu yangu. Akainamisha mdomo sikioni mwangu.

"Umetukaribisha vizuri. Hatujawahi kualikwa. Na sisi tuna shughuli yetu. Tutawaita."

Wakarudi walikotoka, wawili wawili, juu ya kijiukuta, kwa adabu kama watu wanaotoka ibadani. Bwana harusi akatoka mbio mlangoni, akamkuta mkewe amelala mikononi mwangu anatetemeka. Wageni waliambiwa ni joto na njaa ya siku nzima. Wengi wao mpaka leo wanaisifu ile harusi.

Mtunza ukumbi nilimfuata baadaye nikamshika shati. Sikumtukana, ingawa nilitaka. Nikamuuliza ni kina nani wale. Akasema hata yeye hajui, aliwakuta. Walioanza kujenga pale waliacha, na hawakusema kwa nini. "Ninachojua, hawana ubaya," akaniambia. "Ukiwaita wanafurahi tu. Wanafurahi mno. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo."

Mdogo wangu alipona. Rangi ikarudi, hamu ya kula ikarudi, ana nyumba yake na anagombana na mumewe kama watu wote. Nikashukuru Mungu. Nikaanza hata kufanya mzaha.

Mpaka alipoanza kuniuliza, jioni jioni, ni nani aliye na sherehe mtaani.

Hakuna aliye na sherehe. Mimi ndiye ningejua. Siku hizi kila giza likianza kuingia naenda kwake na spika ndogo, naiweka sebuleni, nafungua muziki kuufunika ule anaousikia yeye. Shemeji ameshanichoka. Anasema ningeoa nikawasumbue wa kwangu. Namwacha aseme.

Jana shemeji alikuwa kazini, tulikuwa wawili tu. Mdogo wangu anachambua mboga, mimi nachagua nyimbo. Nikaona mguu wake chini ya meza unapiga. Nilisikiliza vizuri. Haukuwa unapiga wimbo wangu.

"Kaka, zima kidogo."

"Kwa nini?"

"Anayeita huko, mbona sauti ni yako?"

Nikasema hakuna anayeita. Akainua kichwa, akatabasamu, macho yakiangalia mlango.

"Kwenye shughuli yao wamemaliza kuita upande wa bwana harusi," akanong'ona. "Sasa wanaita wetu."

Sikuzima. Nilipandisha sauti mpaka spika ikakwaruza, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa baridi. Naye akasimama, mboga zikamwagika chini, akaanza kunivuta taratibu kuelekea mlangoni.