Samaki wa Mzee Ngatia

Jumamosi hiyo soko la Nyeri lilikuwa limefurika, watu wakipishana bega kwa bega, Nadhira alipogongwa na mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani. Ndoo yake ya samaki ilimponyoka. Mwanamume akaidaka kabla haijafika chini, nusu ya maji yakamwagikia suruali yake.

"Pole, madam. Hawa ni wa kupika?"

"Ni wa kuangaliwa," Nadhira alicheka. "Na wewe umeoga bure."

Mwanamume alimfuata hadi kwenye duka dogo ambamo Nadhira aliuza samaki wa mapambo. Jina lake Gicheru, fundi wa mbao wa Gatitu. Baba yake, Mzee Ngatia, alivunja mawe machimboni miaka thelathini, vumbi likamla mapafu. Sasa alishinda kitandani akitazama ukuta. Gicheru alitaka mzee apate kitu cha kutazama.

"Ati hawahitaji ile pampu ya mapovu?" aliuliza akichagua tangi la kioo.

"Samaki wanne kwenye tangi kubwa hivi, hapana. Filta, hii mashine ya kusafisha maji, ikitikisa maji juu, hewa inaingia. Ukiwaona wamepanda juu wakihema, nipigie mbio."

"Na kama niko na hamu ya kupiga na samaki wako sawa?"

"Piga tu. Utaniambia wanakusalimia."

Gicheru alipiga jioni hiyo hiyo. Akapiga kila siku kwa miezi mitano. Nadhira akawa mgeni wa Gatitu kila Jumapili, na mzee, kwa sauti iliyokatikakatika, akamwita *mwari wakwa*, binti yangu. Kule Majengo, mama yake Nadhira aliposikia kijana si Mwislamu, alinyamaza siku tatu. Ya nne akauliza, "Atakuja lini kunisalimia?"

Kisha, asubuhi moja ya Jumanne, simu ililia.

"Wamekufa wote," Gicheru alisema. "Baba amewaona." Akakata.

Ijumaa mzee naye akafa.

Nadhira alikwenda mazishini kwa buibui jeusi, mtandio wake umelowa manyunyu. Alipomkaribia Gicheru kumpa pole, Gicheru alimgeukia mbele ya shangazi zake.

"Ulisema hawahitaji pampu. Baba alikaa asubuhi nzima akiwaangalia wakikosa pumzi. Akaniambia, 'Na mimi hivyo hivyo.' Nenda nyumbani, Nadhira."

Alikwenda. Alipiga simu mara kumi na moja, haikushikwa. Alirudia hesabu ya maji na samaki hadi kichwa kikamuuma. Dukani akaanza kumwambia kila mteja achukue pampu, hata mwenye samaki mmoja, kwani hakuuamini tena mdomo wake. Mwishowe alifunga duka, akaenda Nanyuki kutunza samaki wa hoteli.

Gicheru alimpata huko mwezi wa Agosti, adhuhuri ya baridi kali. Alikuwa amekonda, koti limemlegea mabegani.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Jumatatu ile tuliletewa mashine ya oksijeni ya Baba. Chumba kile kiko na soketi moja. Nikachomoa filta, nikasema nitatafuta ekstensheni. Nikasahau. Asubuhi nikaona waya ya filta iko chini. Nilijua, Nadhira. Hata pale kaburini nilijua."

Nadhira aliketi ukingoni mwa bwawa.

"Basi mbona ukasema ni mimi?"

"Nilitaka awe mtu mwingine. Mtu yeyote."

"Miezi minne nimeamini nilimtesa babako."

"Nisamehe, mpenzi. Jana nilienda kwa mamako, nikamwambia yote. Ndiye alinielekeza hapa. Nataka nikuoe. Mambo ya dini, chenye wazee wenu watasema nitakifuata."

Nadhira aliinuka. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nimekusamehe, Gicheru. Usirudi Gatitu ukilibeba hilo. Lakini siku nikifanya kosa kweli, utanifanya nini?"

Gicheru alitazama samaki bwawani. Nadhira alisubiri, akitamani kwa moyo wote amjibu hata neno moja.

Halafu akatikisa kichwa kuikataa posa, akamsindikiza hadi langoni. Alimfunga kifungo cha juu cha koti, maana upepo wa mlimani ulikuwa unakata, akasimama hadi Gicheru alipovuka barabara. Alipogeuka kurudi kazini ndipo alipolia.