Sili Nyeupe za Changamwe

Boksi lilikuwa na joto kama lililotoka juani, ilhali lilikaa rafu ya chini kabisa, gizani. Mercyline, mtunza stoo wa kiwanda cha kemikali pale Changamwe, hakulipokea yeye. Ndani mlikuwa na sili nne nyeupe za tefloni, zile pete za kuziba pampu isivuje, zikinukia udi.

Sili hizo zilikuwa hazipatikani tena. Waliozitengeneza ng'ambo walikuwa wamefunga mtambo, kwa kuwa sheria mpya zilibana kemikali zake, zile zisizooza, zinazokutwa kwenye maji na hata kwenye damu za watu. Fundi Tsuma alijaribu za mpira. Asidi ikazila kwa siku mbili, ikamrukia mwenzake Bonface na kumchoma mkono.

"Zimetoka wapi, dada?" Tsuma aliuliza.

"Sijui, ndugu yangu. Tungoje tuulize."

"Tungoje achomeke mwingine?"

Akafunga moja kwenye pampu ya asidi asubuhi ile. Pampu haikudondosha tone. Wala haikunguruma tena. Ilizunguka kimya kabisa.

Kesho yake mchana, jua likiwaka, Tsuma hakutoa jasho. Siku ya tatu alimjia Mercyline akinong'ona.

"Dada, sijakojoa tangu juzi. Mate sina. Hospitali wamenitundikia dripu, maji yakagoma kuingia."

Mdomo wake ulinuka udi.

Mercyline, ingawa ni mtu wa kanisa, alimpeleka kwa Bi Jalila, mganga wa Miritini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Msogeze."

Bi Jalila alimnusa Tsuma shingoni, akarudi nyuma. "Astaghfirullah! Mmezibia kitu cha jini, naye anamziba aliyekifunga. Kifungueni leo hii, kabla hajamziba pumzi."

Waliporudi kiwandani na Bi Jalila, Meneja Gershom alisimama mlangoni mwa chumba cha pampu. "Hakuna kuzima!"

Mercyline alimpita, akabonyeza kitufe chekundu, Bonface akafunga valvu, kisha Mercyline mwenyewe akavaa glavu na kuanza kulegeza nati moja baada ya nyingine, huku Bi Jalila akisoma dua nyuma yake na moshi wa ubani ukijaa chumba, na kila nati iliyolegea ilimfanya asikie pumzi ndani ya chuma, pumzi ndefu ya kitu kilichoamshwa kwa hasira, hadi sili ikachomoka, laini, ya moto, ikijikunja kiganjani mwake kama mdomo unaotaka kusema.

Nje, Tsuma alipiga yowe. Jasho likammwagika, machozi yakamtoka, suruali ikalowa, naye akacheka bila haya.

Bi Jalila alizifunga sili zote nne katika kitambaa cheusi. "Jini ametoka."

"Amekwenda wapi, Bi?"

"Hilo hakusema."

Wiki iliyofuata simu ya stoo ililia. Alikuwa Valarie, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi huko Kisauni.

"Dada, asante kwa zile sili. Tumezikuta rafuni leo, nikajua ni nyinyi tu. Fundi ameshafunga moja, haivuji hata kidogo."

Mercyline alishika ukingo wa meza. "Valarie, mpe huyo fundi simu."

Simu ikasikika ikipokezwa, kisha ikirudishwa.

"Yupo hapa," Valarie alisema, sauti ikishuka. "Ila anajaribu kufungua mdomo, haufunguki."