Gereji Iliyokunywa Joto

Mabati ya gereji yalikuwa na mazoea yao, na mke wa Fundi aliyajua vizuri. Jua likipanda yalitanuka na kulia kwa pupa, kama mtu anayevunjavunja vijiti. Jua likitua yalijikunja na kulia taratibu, moja moja. Siku hiyo, jua likiwa utosini, alikuwa uani akianika nepi aliposikia mabati yakilia mlio wa jioni.

Alisimama, nepi ikimchuruzika mkononi. Ule ni mlio wa bati linalopoa.

Gereji ilishikana na nyumba, na Fundi alikuwa ameihangaikia tangu kiangazi kianze. Alipaka paa chokaa, akapigilia dari ya mbao nyembamba chini ya mabati, akatoboa matundu ya hewa chini ya ukuta na mengine juu ili joto lipate pa kutokea. Aliambulia jasho tu. Jana yake, akitoboa tundu la mwisho, patasi ilimteleza mkononi. Akaketi sakafuni akafoka: "Anayelitaka joto la humu ndani na alichukue! Nimempa lote, wala sitamdai!"

Cheche, mchomeleaji wa jirani, alicheka mpaka akakohoa. "Punguza sauti, Fundi. Usije ukasikika."

Na sasa mle ndani mlikuwa na ubaridi kama wa ndani ya mtungi.

"Umeona kazi ya mikono hii?" Fundi alimwambia mkewe, akijipiga kifua. "Na bado mnaniita mbishi."

"Mbona kunanuka makaa yaliyomwagiwa maji?"

"Mama, wewe hata peponi utatafuta vumbi."

Cheche alihamishia kiti chake pale, akaapa kwamba hatoki mpaka mvua zinyeshe. Nyumba yenyewe ilikuwa tanuri, na binti yao mchanga alikuwa ameota vipele vya joto shingo nzima. Fundi akashauri alazwe gerejini mchana. Mama mtu alisita, kisha akakubali, na kweli mtoto alilala bila kulia. Alilala sana.

Siku moja mchana liliingia gari likifuka moshi, rejeta ikichemka. Fundi alifungua boneti, akachukua kitambaa kizito, akasimama kusubiri kama ilivyo desturi ya kazi. Mwenye gari hakuwahi hata kumaliza kueleza lilipoanzia tatizo. Mchemko ulikatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Fundi alitupa kitambaa, akalaza kiganja kitupu juu ya injini.

"Bahati hiyo!" mwenye gari akacheka.

Fundi hakucheka. "Injini haipoi hivi," alinong'ona.

Wakati huohuo mkewe alikuwa akiingia na chai. Alipovuka kizingiti aliona mvuke wa vikombe ukiinama. Haukupanda juu; ulinyooka kama uzi unaovutwa, ukaelekea pembeni, kwenye lile tundu la mwisho, na kutoka huko ukasikika mlio mdogo, wa kitu kinachomeza. Akagusa kikombe, tayari kilikuwa baridi, akageuza macho polepole, kwa sababu moyo ulikwisha kumwambia na yeye hakutaka kuusikia, kuelekea kwenye kitanda kidogo kilichowekwa chini ya tundu hilo, ambamo binti yake alikuwa amelala macho wazi, midomo ya kijivu, bila kulia, na alipomnyanyua alikuwa baridi kama spana.

Alimtoa nje juani. Akamsugua, akamfunika, akamlaza kifuani pake. Jua liliwaunguza wote wawili, lakini mtoto hakupata joto.

Mama mzazi wa Fundi ndiye aliyekwenda kumwita mganga, mtu mfupi asiye na maneno mengi. Alifika mlangoni mwa gereji, akanusa, akakataa kuingia.

"Nani alimkaribisha?"

Fundi akasimulia, kichwa chini.

"Basi jini huyu hakuiba. Alipewa. Ulisema joto lote la humu ndani, kisha ukamlaza mtoto humu." Akashusha sauti. "Mimi siwezi kumnyang'anya. Aliyetoa ndiye atakayerudisha."

Wakang'oa dari. Wakaziba matundu yote kwa udongo. Fundi alitakiwa akae ndani, mlango umefungwa, chini ya bati tupu la adhuhuri, adai joto lake, na asiombe ubaridi hata kidogo.

"Na akikataa?" mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nitakaa mpaka akubali. Usifungue, mama, hata ukinisikia nakuita."

Mkewe alisimama nje ya mlango na mtoto kifuani. Ndani, sauti ya mumewe ilirudiarudia, "Joto hili ni langu, joto hili ni langu," ikizidi kukauka. Kisha akaisikia ikisema, "Mke wangu, fungua, naungua," kwa upole uleule aliomposea, naye mkono ukaenda wenyewe kwenye komeo na kuligusa, na hapo ndipo alipotambua kwamba sauti iliyomwita ilitoka juu, huko kwenye maungio ya paa ambako hakuna mtu awezaye kusimama, ilhali chini, karibu na sakafu, ile nyingine iliyokauka ilikuwa bado inadai, kwa shida, neno moja moja, na zote mbili zilikuwa za mumewe.

Aliuma kitambaa cha mtoto, hakufungua.

Ukafika ukimya. Halafu, chini ya kiganja chake, mgongo wa mtoto ukaanza kupata uvuguvugu. Akapiga chafya. Akalia kilio kikali, chenye hasira, na mama yake akalia naye.

"Fungua," mganga alisema.

Joto lilitoka kama la tanuri. Fundi alitambaa nje, shati limelowa chepechepe, Cheche akamkumbatia huku akicheka na kulia. "Unanuka jasho, ndugu yangu! Nuka tu, nuka!" Kisha Cheche akamwachia ghafla, akatazama mikono yake mwenyewe.

Mke alipiga magoti kumfuta mumewe paji la uso. Jasho lilimuuma vidole kama maji ya barafu.

Fundi akainua uso, akatabasamu, akanyoosha mikono.

"Mlete mtoto nimpakate," alisema kwa upole uleule wa ile sauti ya paani. "Sasa ana joto zuri."

Mtoto alinyamaza. Mama yake akainuka, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagonga ukuta.