Mwenyeji wa Nyumba Mpya

Kuna jambo moja ambalo mashahidi wote watatu hawakupishana juu yake: siku ya kuitazama nyumba, mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Halfani, muuza vitambaa wa sokoni Iringa, alisema hivyo. Mkewe Mwantumu alisema hivyo. Na dalali Sedekia, aliyekuwa na funguo mkononi na ambaye angefaidika kwa kusema vinginevyo, naye alisema hivyo. Walikubaliana pia kwamba Halfani, kwa mazoea ya malezi, alipiga hodi kabla kufuli halijafunguliwa, na sauti ya mtu mzima, ya upole, ikajibu kutoka ndani: "Karibuni, wageni."

"Mafundi hao," Sedekia alicheka. "Ukiwalipa hawaondoki, usipowalipa hawaondoki."

Ndani hapakuwa na fundi. Palikuwa na harufu ya rangi na ya mbao mbichi za Mafinga, basi.

Mwantumu angeweza kukataa siku ile. Lakini mtu aliyepanga chumba Kihesa miaka kumi na tisa, akingoja zamu ya choo na kuomba radhi kwa kila kikohozi, hatishwi na sauti moja. Walinunua. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, na hakuna binadamu aliyewahi kulala ndani yake.

Siku mbili za kwanza walikuta uwanja umefagiwa na maji ya kuoga yamepashwa moto. Kila mmoja alidhani ni wema wa mwenzake. Asubuhi ya tatu, jembe jipya lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa chumba chao.

"Mume wangu, umenunua jembe?"

"Mimi? Nilime vitenge?"

"Basi tumeshakuwa wageni wa siku ya tatu. Tumepewa jembe."

Wakacheka sana. Kwa ushahidi uliopo, hicho ndicho kicheko chao cha mwisho pamoja.

Kesho yake Halfani aliamka amechoka kuliko alivyolala. Viganja vilikuwa na malengelenge, na kucha zilijaa udongo. Nyuma ya nyumba, katika ardhi ya Oktoba iliyokauka kama tofali, palikuwa na matuta matatu yenye unyevu. Siku iliyofuata, sita. Mtu mwenye akili timamu atasema Halfani alikuwa akitembea usingizini, na hoja hiyo ina uzito: inaeleza mikono. Haielezi unyevu, kwa kuwa mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Mwantumu alifunga mguu wa mumewe na wake kwa kanga. Asubuhi fundo lilikuwa vilevile, na miguu ya Halfani ilikuwa na tope hadi vifundoni.

Wiki ya pili, Halfani hakuweza tena kwenda dukani. Mchana mmoja, jua likiwa utosini, Mwantumu aliketi kando yake akimpepea, akasikia jembe likipiga nyuma ya nyumba, taratibu, kama la mtu asiye na haraka kwa kuwa shamba ni lake na kibarua ni wake, na kwa kila pigo bega la mumewe aliyelala lilitikisika, na harufu ya udongo uliolowa ikaingia dirishani ikajaa chumba hadi akaihisi ulimini, naye hakuthubutu kwenda kuchungulia, kwa maana aliogopa kumkuta mtu, na aliogopa zaidi kutomkuta.

"Huyu atakufa," alimnong'oneza Maalimu Nasri, aliyemwita kutoka Kihesa. "Mfukuze huyo mdudu, Maalimu."

Maalimu hakuja na ubani. Alikuja na swali. "Siku ya kwanza, nani alimkaribisha mwenzake?"

"Yeye," alisema Mwantumu.

"Basi ninyi ndio wageni. Mgeni hamfukuzi mwenyeji, mama. Mgeni anaaga."

"Tumenunua! Hati tunayo!"

"Hati mlipewa na Sedekia. Haya, ageni. Na akiwasindikiza, mrudisheni njiani, asije akafika kwenu."

Maalimu akatangulia kuwangojea barabara kuu. Baada ya alasiri, Mwantumu alimshika mumewe mkono, akasimama kizingitini. "Mwenyeji, tumekula, tumelala, tunashukuru. Tunaomba ruhusa."

Sauti ile ya upole ikajibu kutoka ndani: "Ngojeni niwasindikize."

Walitembea. Mwantumu alihesabu hatua: zake, za mumewe zilizoburuzika, na nyingine nyuma. Walipofika penye kona alisema bila kugeuka, kama alivyofundishwa: "Inatosha, mwenyeji. Asante. Rudi."

Mkono wa Halfani ukachomoka kwenye wake.

Halfani aligeuka, akaanza kurudi kwenye nyumba kwa hatua nyepesi za mtu aliyelala vizuri. Mwantumu alimwita mara tatu kwa jina. Mara ya tatu mumewe alitazama nyuma, akatabasamu kwa adabu. "Wasalimie nyumbani," alisema.

Halfani yumo humo hadi leo, analima. Maalimu anaapa kwamba aliona watu wawili tu njiani. Mwantumu anaapa kwamba alisikia hatua za watatu. Daktari mmoja amesema mtu aliyechoka kiasi kile hutii amri yoyote, na mimi sina cha kumpinga. Lakini Mwantumu alimwamuru mmoja, mwenyeji, na aliyetii alikuwa mmoja, mwenye mwili wa mumewe. Msikilizaji, amua mwenyewe: aliyerudi ni nani? Na kama ni mwenyeji, mke yule alimwacha wapi mumewe?